Baiskeli yangu imefungiwa stoo, na ufunguo nauona kwenye pindo la kanga

Shangazi,

Nakusalimu. Kwa umri huenda nimekutangulia, lakini kwenye safu hii wewe ndiye mwenye nyumba, hivyo shikamoo nakuachia hapo mlangoni, ukiona inafaa uichukue.

Nina miaka 66, naishi Mafinga, upande wa Kinyanambo. Kazi yangu ya maisha ilikuwa miti. Niliingia shamba la Sao Hill nikiwa kijana wa kubeba miche ya misindano kichwani, nikastaafu mwaka 2019 nikiwa msimamizi wa bustani ya miche. Tuna watoto wanne, wote wana miji yao. Nyumbani tumebaki watatu: mimi, mama watoto, na mjukuu wa darasa la tatu ambaye mama yake yuko kazini Dodoma.

Nitakueleza siku yangu inavyokwenda msimu huu wa baridi, kwa sababu ugomvi wenyewe umo humo humo.

Naamka saa kumi na moja. Nje bado giza, maana Julai huku kwetu jua linachungulia karibu saa moja kamili, na nyasi za uani zimepigwa sakitu, ukikanyaga zinalia kachakacha. Nawasha moto jikoni, nabandika sufuria kubwa ya maji, napasua kuni za siku nzima, nachota ndoo nne bombani. Saa kumi na mbili navaa koti, mzula na zile glovu zangu za kazini, natoa Phoenix yangu stoo.

Phoenix hiyo niliinunua mwaka 1991. Imebeba mbolea, imebeba magunia ya viazi, imebeba watoto wote wanne kwa zamu, na imembeba mama yao usiku akiwa na mimba ya wa mwisho hadi hospitali. Sasa inanibeba mimi. Naifuata barabara kuu kidogo, ile inayokwenda Tunduma, halafu nashika njia za vumbi za kuelekea Rungemba. Natembelea miti, Shangazi. Kuna misindano njiani ambayo niliipanda nikiwa na nywele nyeusi, sasa mtu mmoja haizungushii mikono. Wiki haipiti bila kufika Rungemba mara mbili.

Narudi saa mbili. Nakuta chai ipo mezani, viazi vimechemshwa, mjukuu ameshakwenda shule. Kuanzia hapo ni kazi za nyumbani mpaka mchana. Mahindi tumevuna, yamejaa turubai uani, tunapukuchua kwa mkono, tunaanika, tunapepeta, tunatia kwenye mifuko. Saa saba ugali na mnafu. Nalala kidogo, halafu saa tisa nakwenda kumchukua mjukuu shuleni kwa baiskeli, anakaa kwenye keria ananishika koti na kunisimulia nani kapigana na nani. Jioni naziba matundu ya banda la kuku, nasikiliza taarifa ya habari. Saa mbili tunakula. Saa tatu naingiza jiko chumbani. Mkaa wa miwati ukishakolea vizuri hauna moshi hata kidogo, chumba kinakuwa Dar es Salaam. Mlango nauziba chini kwa gunia, na mjukuu naye msimu huu analala kwetu kwenye godoro, maana dirisha la chumba chake halifungi sawasawa. Tunalala kama watoto.

Hiyo ndiyo siku yangu, na sioni kosa langu liko wapi. Mama watoto anasema naikimbia nyumba. Ananiambia, "Wewe baiskeli ndiyo mke wako." Wasichokielewa ni kitu kimoja. Siku hizi nikiamka kichwa kinakuwa kizito kama mtu aliyekesha kwenye kilabu cha ulanzi, na mimi pombe niliacha mwaka 2004. Hata mama watoto analalamika hivyo hivyo, tunasema ni baridi. Lakini mimi nikipanda baiskeli, nikifika mteremko wa kwanza upepo ukanipiga usoni, kichwa kinafunguka. Narudi mzima. Hiyo ndiyo dawa yangu.

Mwishoni mwa Juni nilianguka. Kuna kidaraja cha magogo, kilikuwa na sakitu, na nadhani macho yaliniruka kidogo, nikajikuta nimelala baiskeli iko juu yangu. Goti liliumia na suruali ikachanika. Kijana mmoja wa bodaboda alinisaidia kunyanyuka. Nyumbani nikasema nimenaswa na waya wa uzio, na suruali nikaificha stoo nyuma ya magunia. Wiki ile ile mama watoto akiwa sokoni, vijana wa kijiweni wakamuuliza, "Mama, mzee goti linaendeleaje?" Alirudi nyumbani hakusema neno. Aliweka kapu chini, akaniangalia goti, akaingia jikoni.

Kumbe alimpigia simu kijana wetu wa kwanza. Sabasaba akaja na gari lake kutoka Dar es Salaam. Akanikalisha, mimi baba yake, akaniambia, "Baba, watu wananiuliza kama pensheni imekuishia. Mstaafu mzima unahangaika na Phoenix, mimi naonekanaje?" Akasema atanilipia bodaboda ya mwezi mzima, nikitaka kwenda mahali nipige simu. Sikumjibu. Kesho yake alipoondoka nikakuta stoo ina kufuli jipya. Mjukuu ndiye aliyenong'ona, "Babu, mjomba kampa bibi ufunguo."

Shangazi, ufunguo huo nauona. Ameufunga kwenye pindo la kanga yake. Anapika nao, anapukuchua mahindi nao, akiinama kunipa chai unagonga meza. Leo ni siku ya kumi na moja. Sijauomba na yeye hajanipa. Tunaongea mambo ya kuku na chumvi tu. Kichwa kinanisumbua mpaka saa nne asubuhi kwa sababu sipati upepo, na mjukuu anarudi shuleni kwa miguu. Mimi ni mwanaume wa Kihehe, siwezi kuomba ufunguo wa stoo niliyoijenga kwa mikono yangu.

Nivunje kufuli? Niite wazee? Au ndiyo uzee wenyewe, niiache baiskeli nikae kwenye kiti nisubiri?

Mstaafu, Mafinga

*

Kaka yangu, kamwene.

Shikamoo yako nimeiokota hapo mlangoni, nikaipangusa vumbi, nakurudishia mwenyewe. Miaka 66 ni yako, mimi bado naipandia mlima.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka peke yangu, hasa hapo ufunguo unapogonga meza. Mara ya pili nilipofika kwenye gunia la mlangoni sikucheka tena. Naomba tuiweke baiskeli pembeni kwanza, tena hata wewe, kabla ya kumaliza kusoma, mwambie mtu jiko la leo lisiingie chumbani.

Unasema mkaa ukishakolea hauna moshi. Ni kweli, na hapo ndipo watu wengi wa baridi tunapodanganyika. Tunaogopa moshi kwa sababu unawasha macho. Lakini mkaa mwekundu unaopendeza hivyo, ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa, unatoa hewa nyingine inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukaa mahali ambapo oksijeni ilitakiwa kukaa, na haitoki upesi. Ikiwa kidogo, unaamka na kichwa kizito, kichefuchefu, kizunguzungu, mwili umelegea. Ikiwa nyingi, huamki. Mtu hashtuki usingizini kwa sababu hakuna cha kumshtua. Mimi nimekulia Uyole, na misiba ya jiko chumbani naijua kwa majina ya watu, kwa hiyo usinione nina makelele.

Sasa turudi kwenye maneno yako mwenyewe. Kichwa kizito kila asubuhi, wewe na mkeo wote wawili, na pombe hakuna. Ukitoka nje upepo ukakupiga, kinafunguka. Tangu baiskeli ifungiwe unashinda ndani, na kichwa kinakwenda mpaka saa nne. Wewe umeona baiskeli ndiyo dawa. Mimi naona ulikuwa unatoka kwenye sumu kila alfajiri, na baiskeli ndiyo iliyokupeleka kwenye hewa safi. Na pale darajani, "macho yaliniruka kidogo." Sakitu lilikuwepo, sikatai, magogo yenye sakitu huteleza hata kwa kijana. Lakini mtu aliyelala na jiko usiku kucha, akapanda baiskeli gizani, sitashangaa macho yakimruka.

Kijana amekuja kwa gari kutoka Dar es Salaam kuifungia kufuli Phoenix, na jiko hakuna aliyeligusa. Tena mjukuu amelala kwenye godoro, karibu nalo kuliko ninyi.

Kwa hiyo kuanzia usiku wa leo jiko libaki jikoni. Kaeni huko mkiota moto mpaka saa tatu, dirisha likiwa wazi kiasi, mkienda kulala mliache huko huko. Kitandani wekeni chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitenge, miguuni, na soksi. Wengine kwetu hupasha tofali kando ya moto, wakalifunga kwenye gunia kuukuu, linakaa na joto lake hadi usiku wa manane. Gunia lako la mlangoni ndilo litumie hapo, mlango uliache upumue. Na mwende hospitali wote watatu, mkamwambie daktari habari ya jiko kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Usimwambie "baridi". Na siku yoyote mkiamka mtu hasimami vizuri au maneno hayamtoki sawasawa, mtoeni nje kwanza, mengine baadaye.

Haya. Tuje kwenye ufunguo.

Kwa kuwa umeniita Shangazi na mimi nimekuita kaka, mkeo ni wifi yangu, na desturi inataka wifi nisimame upande wako. Leo naihama desturi. Ulishawahi kumuona mwanamke anayetaka kuficha kitu akakifunga kwenye pindo la kanga? Angetaka usiuone angeutia kwenye pipa la unga, au angempa kijana aondoke nao Dar es Salaam. Pindo ndiko tunakoweka hela ya chumvi, nauli, karatasi ya kliniki, vitu ambavyo mtu wa nyumbani akiuliza tunafungua tu. Siku kumi na moja anaupitisha mbele ya macho yako. Unagonga meza kila akikupa chai. Kaka, anabisha hodi huyo.

Anasubiri umuulize, na ukimuuliza yeye atakuuliza habari ya goti.

Hilo ndilo linalomuuma. Mume wake alianguka porini, na habari akazipata sokoni, kwenye kijiwe, mbele ya watu, kutoka kwa vijana waliodhani anajua. Ilibidi asimame pale na kapu lake ajifanye anajua. Unajua inavyokuwa? Naweza kukuambia alijibu nini: "Anaendelea vizuri." Kisha akatembea mpaka nyumbani na jibu hilo la uongo mdomoni. Ndiyo maana hakusema neno, akaangalia goti akaingia jikoni. Ungekuwa umemwambia siku ile ile, angekupigia kelele jioni moja, akakukanda kwa maji ya moto, na kufuli lisingenunuliwa.

Halafu hili la kuikimbia nyumba. Hapo umejitetea kwa kuorodhesha kazi, na kweli unafanya kazi, kuni na maji na uzio wa kuku, wastaafu wengi ninaowajua hawanyanyui hata kikombe chao. Lakini soma mstari huu wako: nakuta chai ipo mezani, viazi vimechemshwa, mjukuu ameshakwenda shule. Viazi havijichemshi. Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, wewe ukiwa unasalimiana na misindano, kuna mtu alimwamsha mtoto kwenye baridi ile, akamwogesha akiwa analia, akatafuta soksi ya pili, akampaka mafuta midomo isipasuke, akamtoa getini. Kila siku. Naye alikuwa na kichwa kizito kama chako, ila yeye hakuwa na mteremko wa kwenda kukifungulia.

Na kuna jambo lingine ambalo pengine hata yeye hajalisema kwa sauti. Miaka yote ya Sao Hill ulikuwa unaondoka saa kumi na mbili. Akawa anasema moyoni, akistaafu nitakunywa chai na mtu. Umestaafu mwaka 2019, na bado unaondoka saa kumi na mbili.

Sikuambii uache baiskeli. Hilo la kukaa kwenye kiti usubiri, usubiri nini? Mwili wa miaka 66 unaopanda Rungemba mara mbili kwa wiki usiufungie stoo. Moyo unaipenda baiskeli, na goti ambalo siyo bovu linaipenda kuliko kutembea na mzigo, kwa sababu uzito unabebwa na kiti. Ninachokuambia ni uhamishe saa. Kunywa chai kwanza, na yeye. Mpeleke mjukuu shule asubuhi, tena kwa miguu kama bado kuna sakitu. Pukuchua mahindi mpaka saa nne, jua liwe limekausha magogo na ukungu umepanda, ndipo utoe Phoenix. Barabara kuu ile saa kumi na mbili, na malori ya Tunduma yanayokimbizana na ukungu, dereva hakuoni mpaka ameshakupita, au ameshakugonga. Hata saa nne, ipite kwa haraka uingie vumbi, na uvae fulana ya kuakisi mwanga kama wanazovaa mafundi wa barabara. Huko porini nako sikiliza malori ya magogo kwenye kona, maana unajua kuliko mimi yanavyoshuka.

Na ukifika Rungemba mara mbili kwa wiki unafikia kwa nani, hukuniambia. Muulize wifi kama kuna mtu huko anayetaka kumpelekea salamu au kibaba cha njegere. Keria unayo.

Tuje kwa kijana. Hapo nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu mtoto kumfungia baba yake stoo ni utovu wa adabu hata kama amekuja na gari. Lakini mimi naona kijana aliogopa. Mama yake alimpigia akilia kwamba baba ameanguka na anaficha, akaogopa, na vijana wa kiume wakiogopa hawajui kusema, "Baba, naogopa." Wanasema watu wanasemaje. Hiyo habari ya pensheni kuisha ni ya kupita. Tumeshawaona wageni wanaotoka Cairo hadi Cape Town kwa baiskeli wakipita Iringa na Mbeya, wengine wana mvi kuliko wewe, watoto wanawakimbilia barabarani kuwapungia mikono, na sijasikia mtu akiuliza kama kiinua mgongo chao kimeliwa. Kwa nini mzee wetu akipanda ndiyo aonekane amefilisika? Nimekumbuka zile baiskeli za Swala tulizokuwa tukiunda wenyewe Dar es Salaam, na mwalimu mkuu aliyefika shuleni na Swala alikuwa mtu wa kuogopwa. Lakini nisije nikaanza hadithi zangu.

Mpigie wewe, usimtume mama yake. Mwambie kwamba bodaboda ya mwezi mzima hutaki, na ukweli ni kwamba mzee nyuma ya bodaboda kwenye vumbi la Mafinga hayuko salama kuliko mzee juu ya Phoenix yake. Mwambie hela hiyo aitume kwa fundi, kwa sababu chumba cha mpwa wake kina dirisha lisilofunga, na kwa ajili ya dirisha hilo mtoto analala na jiko la mkaa. Mweleze na hilo la jiko lote, usilipunguze. Atakuwa na kazi ya kufanya inayofanana na hofu yake. Na mwisho umwambie, kwa utulivu, kwamba siku nyingine akiwa na neno na baba yake alilete mdomoni, asilete kufuli. Mbele yake usimtaje mama kwa ubaya.

Wazee wa nini? Ukiwaita wazee kwa ajili ya ufunguo unaouona, watakula kuku wako mmoja na kukuambia ninachokuambia mimi. Na kufuli usivunje. Ukivunja, umemjibu mjukuu swali ambalo hajakuuliza, kuhusu mwanaume akikosa kitu afanyeje.

Fanya hivi. Kesho saa tatu, jua likiwa limefika kwenye turubai, kaa upande wa pili wa rundo la mahindi mkabiliane. Pukuchua gunzi la kwanza, la pili, usiseme kitu. La tatu anza na goti. Sema ilikuwa daraja la magogo, sema uliogopa, sema uongo wa waya wa uzio ulikuwa uongo. Mwanaume wa Kihehe anaweza, mimi nawajua, maneno yakishatoka huwa hamuyarudii mara mbili. Habari ya ufunguo usiitaje kabisa. Atakapomaliza kusema yake, na yatakuwa mengi, muache amalize.

Goti lenyewe lipigwe picha, wiki nyingi zimepita na hujaniambia kama limevimba. Mpaka daktari aseme, Phoenix isubiri. Akikuruhusu, kabla ya kuipanda angalia vitu viwili. Breki zako hizo za vyuma zinazobana ringi ya chuma, zikiwa na unyevu hazishiki, unabonyeza na baiskeli inaendelea kama haijasikia. Badilisha raba za breki, na kwenye umande zibonyeze kidogo kidogo mapema ili zipangusike kabla hujazihitaji. Cha pili ni kiti. Wazee wengi wanakishusha ili miguu ifike chini, na goti ndilo linalolipa. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke. Kama unabaki umekunjika, pandisha. Na cheni usiipake ile oili chafu ya injini msimu huu, inakusanya vumbi lote la Rungemba.

Nilitaka niishie hapo, lakini kuna ile suruali. Unasema uliificha stoo, nyuma ya magunia, na stoo hiyo siku kumi na moja ufunguo wake anao mkeo, na mifuko ya mahindi ndiye anayeipanga. Ameshaiona, kaka. Sitashangaa ukiikuta imeshonwa.

Shangazi